Swali kutoka Mtwara: nina miaka 61, nafundisha kuimba, nataka nibaki na wanafunzi wachache, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 61, nipo Mtwara mjini, Magomeni. Mwaka jana nimestaafu ualimu wa shule ya msingi ila kufundisha kuimba nimeanza toka 1988 na sijawahi kuacha. Sasa hivi nina kwaya tatu, kila moja mazoezi mara mbili kwa wiki, kila kwaya inanipa elfu 15 kwa wiki, ya asante tu. Wanafunzi binafsi ninao 18, wanaolipa ni 11, elfu 5 kwa somo, mara moja kwa wiki. Wanne nawafuata kwao na mmoja wao yuko Mikindani. Ikifika jioni sauti inakata, magoti nayo yameanza, na juzi nimeshindwa kuwaonyesha soprano wimbo wao nikaona aibu mbele ya watoto. Nataka nipunguze ila naogopa vitu viwili, njaa na maneno ya watu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Pole na magoti, hayo hata mimi ninayo, nina miaka 68 na kutoka hapa Mtanda mpaka sokoni Lindi napumzika mara mbili njiani.

Nimesoma swali lako nikaona umehesabu vichwa. Kwaya tatu, wanafunzi 18, unataka namba ishuke. Ni sawa, namba ishuke, lakini nikwambie kitu ambacho mimi nilijifunza kwa kuumia: ukipunguza wanafunzi halafu usipunguze kuimba wewe mwenyewe, hujapunguza kitu. Mi mwaka 2011 nilikuwa na kwaya tano nikaacha tatu, nikajiona mjanja, kumbe zile mbili zilizobaki ndo nikawa nazipa muda wote, namwimbia besi, namwimbia tena, napanda kwenye alto, soprano naitoa kwa ile sauti ya kubana ya kiume, saa mbili mfululizo, mpaka Desemba 2013 wiki mbili kabla ya Krismasi sauti ikaondoka yote. Sio kukauka, kuondoka. Daktari akaniambia koo limevimba, wiki tatu nisiongee, hata kunong'ona nisinong'one, mana kunong'ona nako kunalibana koo.

Sasa kwaya haijui daktari, Krismasi ipo palepale. Nikaenda mazoezini bubu. Nikawa nawaonyesha noti kwa mikono, zile ishara za solfa, yani do re mi, ambazo John Curwen wa Uingereza alizitengeneza karne ya 19, do ngumi iliyofungwa, mi kiganja kimelala, so kiganja kinakutazama, na kijiti cha kugongea meza kwa mapigo. Siku ya kwanza fujo. Siku ya tatu watu wameanza kusoma karatasi wenyewe kwa sababu hamna wa kumfuatisha. Wimbo ambao ningewapa kwa wiki tatu waliushika kwa siku nane hivi. Nilifurahi lakini pia iliniuma, mana nilijiuliza miaka yote ile nilikuwa nawafundisha au nilikuwa nawaimbia tu wao wananifuata kama vifaranga.

Baadae nikakumbuka bibi yangu mzaa mama, alikuwa kungwi kule Mnacho, Ruangwa. Uzeeni mwake haimbi. Anakaa kwenye mkeka, miguu kainyoosha, wadogo zake ndo wanapiga ngoma na kuimba, yeye anasikiliza, mtu akikosea neno anagonga ubao wa kibao cha mbuzi na kijiko, kimya, wanaanza upya. Na hakuna aliyesema bibi kachoka, walimwogopa kuliko alipokuwa anaimba.

Kwa hiyo aibu uliyoipata mbele ya soprano, nakuomba uitoe. Mwanamke akishakoma hedhi homoni zinabadilika na nyuzi za sauti zinabadilika nazo, sauti inashuka chini, ile juu inakuwa nzito kufika na inakwaruza. Sisi wanaume ni kinyume, nyuzi zinakonda na sauti inapanda inakuwa nyembamba kama unavyosikia wazee wakiongea. Kifua nacho kinakakamaa, pumzi inakuwa fupi. Huo ni mwili unaenda na umri, hamna aliyekuloga na wala sio kwamba ulikuwa mwalimu wa kubahatisha. Manuel García, mwalimu wa kuimba aliyezaliwa 1805, sauti yake ya jukwaani iliharibika akiwa bado kijana, akaacha kuimba akabaki kufundisha, na ndiye huyo mwaka 1854 alishika kioo kidogo cha daktari wa meno na kioo kingine cha kurudisha mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi kooni. Alifundisha pale Royal Academy of Music London mpaka 1895. Hesabu hapo, ana miaka 90. Hakuwa anamwonyesha mtu soprano. Alikuwa na masikio.

Najua mtu atakuletea mfano wa Bi Kidude, aliyeimba mpaka uzee mkubwa kabisa, katutoka 2013. Usibishane nae. Bi Kidude alikuwa anapanda jukwaani na sauti yake ileile ya kukwaruza ambayo ndo watu waliifuata, hakuwa na kazi ya kuimba sehemu nne za kwaya tatu siku sita kwa wiki ili watu wengine wajue waimbe nini.

Na masikio yenyewe uyaangalie. Umri ukienda tunaanza kupoteza zile sauti nyembamba za juu, herufi kama s na f. Mi nilikuwa nagombana na kwaya kila siku kwamba wanamung'unya maneno, kijana mmoja akanirekodia kwenye simu, nikasikiliza na spika za masikioni nimeongeza sauti, maneno yote yapo. Nilienda kupimwa. Na wewe hiyo sauti kukata kila jioni, kama kukwaruza kunazidi wiki tatu nne hata siku ambazo hujafundisha, nenda hospitali ya Ligula uombe uonwe na daktari wa masikio, pua na koo, usikae unakunywa tangawizi. Tangawizi ni tamu lakini inapita njia ya chakula, haigusi nyuzi za sauti hata kidogo, hata maji nayo yanafika huko kwa kupitia damu, ndo mana unatakiwa unywe kutwa nzima na sio glasi moja ukishaanza kukohoa. Kitu kingine ni kula. Mazoezi ya kwaya yanaisha saa mbili usiku, unafika nyumbani saa tatu, unakula ugali umeshiba unalala, tindikali inapanda usiku kucha inakuunguza koo. Kula kabla ya kutoka, ukirudi kunywa uji mwepesi.

Haya, tuje kwenye hela, mana hapo ndo usingizi unapotea.

Umeniandikia kwenye meseji ya pili kwamba boda ya kwenda kwaya ni elfu 2 na kurudi elfu 2. Kwaya tatu mara mbili, safari sita, hiyo ni elfu 24 kwa wiki. Kwaya zote zinakupa elfu 45. Kwa hiyo jioni sita za kupiga kelele zinakubakishia elfu 21. Wale watatu unaowafuata hapo mjini boda ni elfu 2 kila mmoja kwenda na kurudi, elfu 6. Halafu huyu wa Mikindani, kwenda na kurudi elfu 6, anakulipa elfu 5. Mdogo wangu wewe unamlipa huyo mtoto shilingi elfu moja kila wiki ili akubali kufundishwa!

Jumla inaingia laki moja, elfu 55 za wanafunzi na 45 za kwaya. Inatoka elfu 36 ya barabara. Unabaki na elfu 64, na hapo sijahesabu wale saba wa bure.

Sasa angalia upande wa pili. Wanafunzi sita, wanakuja kwako, hamna boda, elfu 10 kwa somo la dakika 40 badala ya lile la saa nzima na nusu yake mnapiga stori. Elfu 60. Kwaya moja, mazoezi mara moja kwa wiki, elfu 15 toa boda elfu 4, elfu 11. Jumla elfu 71. Watu wachache, njia fupi, hela imeongezeka. Najua unasema Mtwara nani atatoa elfu 10, na kweli sio wote, tuseme wakikubali wanne tu, elfu 40 na ile 11 inakuwa 51, umepungukiwa elfu 13. Hapo unaweka kikundi Jumamosi asubuhi, watu watano, elfu 3 kila mtu, elfu 15, unafika 66. Bado uko juu ya ulipo leo. Ila usipige hesabu ya wiki 52, piga ya wiki 40, mana kuna misiba, kuna mvua, kuna Ramadhani, kuna mitihani ya watoto na kuna wewe mwenyewe siku hujisikii.

Halafu usikusanye hela kila wiki. Huku kwetu hela ina msimu, hata ambaye hana mkorosho hata mmoja anaishi kwa korosho, fundi cherehani anaisubiri, muuza mitumba anaisubiri. Minada ikianza mwezi wa 10 watu wanacheka mpaka kama mwezi wa 1 hivi, ukifika wa 3 kila mtu anakwambia mwalimu nivumilie. Weka ada ya muhula, anayelipa mwezi wa 11 wote kwa pamoja mpunguzie somo moja au mawili, anayelipa kidogo kidogo alipe bei kamili. Na ile hela ikija usiile, igawe miezi, iweke mahali ambapo mkono haufiki haraka. Mimi mwaka wa kwanza nilinunua bati.

Nani abaki? Watu watakushauri ubaki na wanaolipa vizuri. Sikubali, yani sikubali kabisa ikiwa ni hilo tu. Kuna mwanafunzi wangu alikuwa analipa vizuri sana, mtoto wa mwenye hoteli, lakini kila somo lazima nimwimbie mstari mara kumi ndo aushike, akitoka mi koo limekwisha na mchana wote siwezi kumpokea mtu. Huyo ni ghali. Jiulize kwa kila mmoja, huyu ananitumia koo au ananitumia masikio? Watoto wadogo na wanaoanza kabisa wanataka mfano wa sauti, na wengi wao watajifunza tu kwenye kikundi wakisikilizana. Mtu mzima ambaye ameshaimba miaka kumi ila noti za juu zinamkaba, au binti wa qaswida anayekatika pumzi katikati ya mstari, huyo anataka mtu wa kumsikiliza na kumwambia bega lako limepanda, shusha, rudia. Hapo hata ukiwa umelala kwenye jamvi unafundisha.

Na kuna watu ambao wewe ndo unawafaa kuliko kijana yeyote wa studio, ni wanawake wenzio wa miaka 50 na kuendelea. Kila kwaya ina mama aliyeacha kuja anasema sauti imeondoka. Haijaondoka, imehama. Mshushe toka soprano aende alto, au ushushe ufunguo, na solfa ndo uzuri wake huo, do inahama tu, ulikuwa unaimba do ni G unaiweka do ni E, karatasi ileile, hamna cha kuandika upya. Mpe na zoezi la mrija: mrija wa soda kwenye chupa ya maji nusu, uzame kama vidole viwili, apulize huku anaguna mmm kutoka chini kwenda juu na kurudi, dakika tatu, mapovu yatoke sawasawa. Lile povu linarudisha mgandamizo kidogo nyuma kooni, nyuzi zinagusana taratibu bila kugongana. Fanya na wewe asubuhi kabla hujaongea na mtu. (Kuna mtu alijaribu na bua la jani la mpapai kama tulivyokuwa tunapulizia utotoni, akawashwa na utomvu mdomo wote. Tumia mrija.) Mama kama huyo mkimaliza miezi miwili mitatu anarudi kwaya, na wenzie wanamuuliza kwako ni wapi. Sijawahi kuweka tangazo toka 2015.

Wale saba wa bure, hapa utaniona mkatili. Baki na mmoja. Sio mwenye shida kuliko wote, chagua yule ambaye wenzie wakikosea yeye anageuka kumwangalia aliyekosea. Huyo ana sikio la mwalimu. Huyo ndo utamwachia kwaya. Wengine waingie kikundi cha Jumamosi, na kama hawana elfu 3 waje na walichonacho, mi napokea mpaka ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, tena ming'oko napokea kwa furaha kuliko hela.

Kwaya mbili unazoziacha usiziache Novemba, utaonekana umewatelekeza na Krismasi na maneno utayapata kweli. Waambie mapema lakini uondoke baada ya Pasaka. Na usitume meseji, wala usiseme kwenye grupu la wasap. Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya nyumbani kwake, na katibu awepo, waambie tarehe yako ya mwisho na jina la unayemwachia. Halafu miezi mitatu yule kijana anasimama mbele wewe unakaa nyuma. Akikosea usiinuke! Hilo ni gumu kuliko yote, mi nilikuwa nakalia mikono.

Usiseme unaumwa. Ukisema unaumwa watakuja kukuombea, wataleta kuku, wataleta na dawa za majani, utaona haya kumkatalia mtu aliyekuletea kuku na mwezi unaofuata umerudi kwenye kwaya zote tatu. Sema nimeamua. Wewe ni mwalimu mstaafu, umri wa kustaafu kwa lazima serikalini ni miaka 60 na kila mtu anajua, hakuna aliyesema unaringa ulipoacha chaki. Kwenye kuimba wanashangaa kwa sababu hamna barua. Andika barua basi, fupi, watu wetu wanaheshimu karatasi. Wapo watakaosema tu hata hivyo. Wangu walisema miezi miwili, halafu mchungaji akahamishwa wakapata la kuongea.

Kwa ile kwaya moja unayobaki nayo, nunua kale kaspika ka kufunga kiunoni na maiki ya kichwani kama wauza dawa za panya sokoni. Watacheka siku moja. Koo lako halitashindana tena na watu arobaini na feni. Na ujiwekee sheria, wimbo mpya unaimba mara moja tu, mara ya pili wanasoma wenyewe na mikono yako.

Kwenye ile meseji ya pili umeuliza pia kufundisha kwa simu. Inawezekana ila sio vile vijana wanavyodhani, kuimba pamoja kwenye video haiwezekani kwa sababu sauti inachelewa kufika, mtapishana tu na bando linaisha. Kinachofaa ni mwanafunzi ajirekodi ubeti mmoja akutumie klipu, usikilize ukiwa umetulia, umjibu kwa kuandika. Kwa kuandika, sio voisi, mana ukianza kutuma voisi za dakika nne nne umerudi kulekule kooni. Toza elfu 3 kwa klipu, alipe kwanza. Hii inafaa kwa wale waliohamia Dar ambao hutaki kuwapoteza.

Wiki hii fanya kitu kimoja tu. Chukua daftari, kila somo likiisha andika pembeni koo limebakije, kwa namba, 1 mpaka 5, na boda shilingi ngapi. Wiki nne. Usimwambie mtu chochote kabla ya hapo, hata hao unaodhani umeshaamua kuwaacha, mana mi kwenye daftari langu niligundua wawili niliotaka kuwaacha ndo walikuwa wananipumzisha.

Ila yule wa Mikindani peke yake, kuanzia wiki ijayo mwambie aje yeye kwako. Akija, yumo.